Kikundi cha Nyumba ya Malindi, Unguja: king'ora cha Babu na Bibi

*Ijumaa*

Salma: Assalaam alaykum. Jamani mota ya maji ya uani imeibiwa usiku. Wameingia mlango wa nyuma, kufuli limekatwa. Babu na Bibi wazima, alhamdulillahi. Hawakusikia kitu mpaka Babu alipoamka kutia udhu, akafungua mfereji, maji hayatoki.

Mjomba Haroub: Waalaykumu salaam. Innalillahi. Polisi wameambiwa?

Salma: Nassor keshakwenda, na sheha anajua.

Mjomba Haroub: Mie leo hii nanunua kamera nne hapa Maskati, naleta na mtu anayekuja Jumanne. Akipita mtu nimuone kwenye simu.

Mama: Haroub mdogo wangu, Mungu akuzidishie. Lakini kamera ndani ya nyumba ile hapana. Mama yetu hukaa uani na kanga, wasichana wanapita vichwa wazi. Picha zile zinakaa kwa nani? Stara ya Mama kwanza.

Mjomba Haroub: Kweli dada. Hilo sikulifikiri. Sasa tufanyeje?

Nassor: Shikamoo Mjomba. Kamera ingetuonesha mwizi anavyoondoka na mota, basi. Mie nataka mlango ukifunguliwa tu nyumba ipige kelele, Babu aamke na mtaa uamke. Nipeni siku mbili nitengeneze mwenyewe. Sensa tano za milango na madirisha ya chini, moja ya mwendo pale chini ya ngazi, na king'ora.

Salma: Isiwe kama kile cha kwangu tu. Mwaka jana nilinunua seti nzima, kila kitu kinapita intaneti, kinakwenda kwa wenyewe huko nje kisha ndo kinarudi. Bando limekwisha usiku mmoja, asubuhi nimefungua mlango wote wazi, kimya.

Nassor: Ndo maana sitaki cha aina hiyo. Hizi zinatumia Zigbee, mawasiliano ya redio, habari inapita humo humo ndani ya nyumba. Ubongo wake ni Raspberry Pi, kikompyuta kidogo kinachotosha kiganjani, nimekitilia Home Assistant, programu ya bure ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Intaneti ikifa king'ora kinalia vile vile. Kitakachokosekana ni ujumbe kwenye simu zetu tu.

Mjomba Haroub: Na hiyo sensa ya mlango inajuaje?

Nassor: Ni vipande viwili, Mjomba. Kimoja sumaku, unakibandika kwenye ubawa wa mlango. Cha pili kwenye mwimo, ndani yake mna kichupa chembamba cha kioo na vibati viwili. Sumaku ikiwa karibu vibati vinagusana, mlango ukifunguliwa vinaachana, hapo hapo inatuma habari. Betri yake ile bapa kama sarafu, CR2032, volti 3, inakaa mwaka na zaidi maana muda mwingi imelala.

*Jumamosi*

Nassor: Nshafika Malindi tangu saa mbili. Mlango wa mbele umenisumbua. Misumari niliidhani itaivuruga sumaku, lakini ile ni shaba, haina neno. Tabu ni mbao. Mvua hizi umevimba, ukifungwa juu unagusa na chini umeacha nafasi ya vidole viwili. Nimebandika chini mara ya kwanza, sensa inasema mlango wazi saa zote. Nimehamishia juu, upande wa ndani, sijagusa nakshi hata kidogo. Babu kasimama nyuma yangu muda wote.

Mama: Na asimame. Mlango ule umemkuta yeye hapo.

Nassor: Mlango wa uani una geti la chuma, na chuma kinameza nguvu ya sumaku. Nimeweka kipande cha mbao nene kama kidole kati ya chuma na sumaku, sasa inasoma vizuri.

Nassor: Kuta ndo mtihani. Mawe na chokaa, unene karibu mkono mzima mpaka kiwiko. Pi iko juu chumbani kwa Babu, habari ya uani haifiki. Sensa za betri hazipokezani habari, vyenye umeme wa ukutani ndo vinapokezana. Nimechomeka plagi mbili za Zigbee, moja ukumbini na moja kwenye ngazi, zinarushiana mpaka juu. Rauta ya intaneti nimeiweka chaneli ya 1 na Zigbee chaneli ya 25, maana zote ziko kwenye gigahezi 2.4 zinagombana.

Mama: Nassor, umeme ukikatika? Nyinyi mlikuwa wadogo. Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima kiza. Na mwaka 2008 kabla ya hapo, karibu mwezi. Wezi hupenda kiza.

Nassor: King'ora kina betri zake, Mama. Pi nimeiweka kwenye pawabenki.

Mama: Zima meni swichi ujaribu, mwanangu. Sasa hivi, mie nasubiri.

Nassor: Mama umesema kweli. Nimezima, Salma kafungua mlango wa uani, kimya. Makosa mawili. Plagi za ukutani zimekufa pamoja na umeme, habari haina wa kuipokea njiani. Na pawabenki ilikatika kwa nukta moja, yaani sekunde, ilipohama kutoka umeme wa ukutani kuja betri yake, Pi ikajizima na kuanza upya. Ingekuwa usiku, dakika ile ingetosha kubeba mota.

Mjomba Haroub: Sasa nijue nilete nini badala ya kamera.

Nassor: UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, ile isiyokatika hata nukta, yenye tundu la USB la kulishia Pi. Na vifaa viwili vya USB vya kupokezana habari za Zigbee, nitavichomeka kwenye pawabenki badala ya plagi.

*Alkhamisi*

Salma: Vitu vya Mjomba vimefika na Nassor keshafunga. Lakini alfajiri king'ora kimelia, Babu alikuwa anatoka kwenda msikitini. Kakaa kwenye baraza mkono kifuani. Nimeogopa sana.

Mama: Ya Rabi. Nassor, hilo lisirudi tena. Mzee wa miaka themanini.

Nassor: Nimekwenda kumuomba radhi. Programu ina nyakati za sala, ningeweza kuiambia izime ulinzi kabla ya alfajiri, lakini nyakati zile hata mwizi anazijua. Nimemuwekea kitufe kando ya kitanda. Akikibonyeza, mlango wa mbele na sensa ya ngazi tu vinanyamaza dakika tano, kisha ulinzi unarudi wenyewe. Uani hauguswi. Akirudi kuna kitufe cha pili nyuma ya mlango, ana nukta 45 za kukibonyeza kabla king'ora hakijalia. Nyakati za sala nimezitumia kwa taa ya ngazi, inawaka yenyewe nusu saa kabla ya adhana asije akajikwaa.

Salma: Leo kabonyeza mwenyewe mara tatu, anajifunza. Taa kaipenda.

*Ijumaa*

Nassor: Baada ya sala nimezima meni swichi na rauta pia. Salma kafungua mlango wa uani. King'ora kimelia kabla hajatia mguu wa pili ndani.

Salma: Jirani wa mbele kaja mbio na tochi na mchi wa kinu, wanawe wawili nyuma yake. Tumesahau kumwambia ni jaribio.

Mama: Mwenyezi Mungu amlipe. Mpeni ufunguo wa akiba wa mlango wa mbele, Babu keshakubali. Na kabla ya kila jaribio mpigieni hodi kwanza.

Mjomba Haroub: Mota mpya natuma pesa leo. Ifungwe kwa nondo safari hii.