Mjadala: Tuache kufundisha kwamba entropia ni vurugu?

Mleta mada

Wakuu, heshima mbele. Juzi nilifungua daftari la mpwa wangu wa kidato cha tano, nikakuta sentensi imepigiwa mstari mara mbili: "Entropia ni kipimo cha vurugu." Nikamuuliza, vurugu za nani? Akacheka, nikacheka, lakini jambo likabaki kichwani.

Hoja yangu: neno hilo liondoke madarasani. Entropia ni hesabu. Unahesabu namna ambazo molekuli zinaweza kukaa huku wewe, ukitazama kwa nje, huoni tofauti yoyote.

Nilimwonyesha kwa bao. Tulichukua kete nne, tukaziandika namba kwa kalamu, tukazitupa kwenye mashimo mawili. Kila kete ina uchaguzi wa shimo la kushoto au la kulia, kwa hiyo jumla ni namna 16. Zote nne kuangukia kushoto: namna 1 tu. Tatu kushoto na moja kulia: namna 4. Mbili kwa mbili: namna 6. Hakuna kete inayopenda mbili kwa mbili. Ni kwamba njia za kufika huko ni nyingi.

Ongeza kete ziwe 100. Zote kuangukia kushoto ni mara moja katika majaribio kama 1,270,000,000,000,000,000,000,000,000,000. Ungetupa mara bilioni moja kwa sekunde tangu ulimwengu uanze, miaka bilioni 13.8 iliyopita, bado usingetegemea kuiona. Na sentimita moja ya ujazo ya hewa unayovuta sasa ina molekuli kama 2.5 × 10¹⁹. Ndiyo maana hewa haijikusanyi kona moja ya chumba ukakosa pumzi. Haijakatazwa na mtu, ila uwezekano wake ni mdogo mno.

Sasa hapo vurugu iko wapi?

Mwalimu wa kemia

Mleta mada, karibu darasani kwangu uone. Nina wanafunzi zaidi ya themanini, vipindi viwili kwa wiki. Nikisema "vurugu" wananielewa siku hiyohiyo: barafu imepangika, maji yamelegea, mvuke umetawanyika, entropia inapanda. Maswali mengi wanapata. Nikianza na kete zako, kengele italia tuko kwenye kete ya tatu.

Tena usifanye kama neno hili ni uzushi wa walimu wa huku. Boltzmann mwenyewe, mwanafizikia wa Austria aliyetuunganishia entropia na uwezekano mwaka 1877, alizungumzia molekuli kukosa mpangilio. Yeye alikosea?

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Boltzmann hakukosea, ila nenda Vienna uangalie kaburi lake. Kilichochongwa pale ni S = k log W. S ni entropia, W ni idadi ya namna, na k ni namba ndogo tu ya kugeuza hesabu hiyo kuwa jouli (kipimo cha nishati) kwa kelvini (kipimo cha jotoridi). Neno vurugu halipo. Clausius, mwanafizikia wa Kijerumani aliyelitunga jina entropia mwaka 1865 alilitoa kwenye neno la Kigiriki la mageuzi, naye hakuwa na habari za vurugu.

Huko Marekani walishagombana kuhusu hili. Frank Lambert, mwalimu wa kemia, aliandika mwaka 2002 akiita neno hilo mkongojo uliopasuka: unauegemea, unakuangusha. Vitabu kadhaa vya kemia vikalipunguza.

Kuangusha kwenyewe ni huku. Chukua chupa, tia maji na mafuta ya kula, tikisa. Yanachanganyika, ndiyo vurugu hiyo. Weka mezani. Baada ya muda mafuta juu, maji chini, mstari umenyooka. Kwa kanuni yako entropia imeshuka yenyewe, sivyo? Imepanda! Molekuli za maji zilizozunguka mafuta zilibanwa, zikawa na namna chache za kugeuka na kushikana. Mafuta yakijikusanya, maji yanapata uhuru wake. Kwenye joto la kawaida la chumbani, sehemu kubwa ya msukumo ule inatokana na entropia ya maji.

Mpita njia

Mimi sina elimu hiyo, ila nina swali. Kama kila kitu kinaelekea kuvurugika, mbegu ya embe inakuwaje mti? Jirani yangu anatumia hoja hii kila Jumapili.

Fundi friji

Mkuu, hiyo niachie mimi, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Weka mkono nyuma ya friji. Moto, si ndiyo? Gramu moja ya maji ya nyuzi 0 ikigeuka barafu inatoa jouli kama 334. Joto hilo halipotei, linatupwa chumbani, na juu yake umeme wa mota nao unageuka joto. Ndani molekuli zimepungukiwa na namna, nje zimeongezewa zaidi ya zilizopungua, kwa hiyo entropia ya jumla imepanda. Mteja mmoja alinipigia simu amefungua mlango wa friji ili chumba kipoe. Nilimwambia mama, ufunge, unajipikia.

Mti ni hivyohivyo. Mwanga wa jua unatoka kwenye uso wa nyuzi kama 5,800 za kelvini, dunia inautema nje ukiwa joto hafifu la kama 255. Mti unajenga mwili wake katikati ya biashara hiyo. Mwambie jirani aguse nyuma ya friji.

Mwalimu wa kemia

Fundi umenena. Lakini, mleta mada, nimelichukua bao lako nikalipeleka mbali kidogo. Bao la kujifunza lina mashimo 32 na kete 64, mbili kila shimo. Nadhifu kabisa. Nimepiga hesabu ya kuzitupa kete kiholela: jumla ya namna ni kama 2 × 10⁹⁶, na zinazoleta mbili kila shimo ni kama 3 × 10⁷⁹. Hakuna mgawanyo mwingine hata mmoja wenye namna nyingi hivyo! Ulio nadhifu kuliko yote ndio unaoongoza.

Kwa hiyo nakupa pointi. Ila na wewe shika yako: uwezekano wa kuupata ni mara moja katika 7 × 10¹⁶. Ukitupa leo hutauona. Utaona shimo lenye tano, lenye sifuri, lenye moja. Wanafunzi wangu wataita hiyo nini? Vurugu.

Mleta mada

Hapo umenibana, nakubali. Mgawanyo mmoja ukiongoza si lazima uwe ndio utakaouona, kwa sababu iliyobaki, ukiijumlisha, inauzidi mno. Kumbe inategemea tunahesabu nini kuwa kitu kimoja. Kwa kete 64, kupishana kwa idadi kati ya shimo na shimo kunaonekana kwa macho. Kwa molekuli 10¹⁹ kupishana huko, ukilinganisha na jumla, ni sehemu isiyopimika kwa kipimo chochote cha maabara ya shule. Hili sikulisema mwanzo na nilipaswa kulisema.

Lakini ona: tumefika hapa kwa kuhesabu. Tungebaki na vurugu tungeishia kubishana nadhifu ni nini. Mwaka 1957 wanafizikia Alder na Wainwright waliigiza kwenye kompyuta vitufe vigumu visivyovutana hata kidogo. Wakavisonga vya kutosha, vikajipanga safu kama machungwa ya sokoni. Vikijipanga, kila kimoja kinapata nafasi zaidi ya kutikisika, kwa hiyo namna zinaongezeka. Hilo utalifundishaje kwa neno lako?

Mwalimu wa kemia

Silifundishi, halimo kwenye mtihani. Unapendekeza neno gani?

Mleta mada

"Wingi wa namna."

Mwalimu wa kemia

Wataniuliza, namna za nini?

Fundi friji

Si ndiyo swali lenyewe hilo, mwalimu? Kwenye vurugu hawajawahi kukuuliza.

Mwalimu wa kemia

Jumatatu napeleka chupa ya mafuta. Bao mtaniazima nani?