Udzungwa na mama mwenye goti bovu: Sanje tutaiweza?

Wakuu, habari. Mwezi wa saba nataka kumpeleka mama Udzungwa. Ana miaka 61, amekulia Tukuyu, milima haimtishi, ila goti la kushoto linamsumbua. Hamu yake ni maporomoko ya Sanje na mbega wekundu. Gari linaingia ndani?

Mwenyeji wa Mang'ula: Mfikishie mama shikamoo. Hapana, Udzungwa ni miguu tu, si kama Mikumi. Sanje maji yanashuka kama mita 170, na njia yake ni mwinuko mkali. Kupanda ataweza, kushuka ndiko kutamuumiza. Mimi ningemwanzia njia fupi ya Prince Bernhard, karibu na ofisi za hifadhi pale Mang'ula. Mbega wekundu mara nyingi mnawakuta hata kabla ya kuchoka. Nendeni asubuhi, na mwambieni mwongoza wageni habari ya goti kabla hamjaanza kutembea.

Halafu muulizieni kima wa Sanje. Wanasayansi walimtambua 1979 tu, na duniani kote anaishi milima hii peke yake! Hupenda kutafuta chakula chini, kwa hiyo tulieni, msipige kelele.

Dada wa Ifakara: Julai ni nzuri, masika yameshapita, njia hazitelezi sana. Fimbo achukue, asione haya.

Muulizaji: Asanteni sana. Na kulala, Mang'ula kuna gesti ya bei nafuu isiyo na ngazi?