Mjadala: Kati ya serikali na kampuni za mitandao, nani ameshika rimoti?

Wakuu, hapa Ngamiani, Tanga, kila kijiwe siku hizi hoja ni moja, eti serikali zimekwisha nguvu, dunia inaendeshwa na Google, Meta wenye Facebook na WhatsApp, na huyu Elon Musk mwenye X na Starlink, marais wanawabembeleza tu. Mimi naikataa hiyo, mwenye la kunipinga aje.

Mwaka 2019 Marekani iliiweka Huawei, kampuni ya simu ya China, kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia yao bila kibali. Google wakatii, simu mpya za Huawei zikaanza kutoka bila Play Store ya kupakulia app wala Gmail. Google na ukubwa wote ule, amri moja ya Washington wakanywea! Kwetu ni wababe lakini kwao wana mkubwa wao.

Najua mtanitajia Ukraine, Musk kukataa kuwawashia Starlink, intaneti yake ya setilaiti, upande wa Crimea uliotekwa na Urusi, mwaka 2022, mtu mmoja tajiri anaamua jeshi la nchi nyingine lifike wapi. Hilo linatisha kweli, sibishi. Ila 2023 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, wakaingia nae mkataba wa kuilipia huduma hiyo, serikali ikatia mkono wake.

Sasa serikali isiyo na kampuni yake ubabe wake unaishia wapi? Kwa raia wake. Uganda Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti zilizohusishwa na serikali siku chache kabla ya uchaguzi, Museveni akaifunga Facebook, na Zuckerberg mwenye Facebook analala usingizi wake, Mganda ndo anahangaika na VPN, app ya kukwepa kufungiwa. Kwetu Tanzania X, ile Twitter ya zamani, ikafungwa Mei 2025, kisha Oktoba 29 siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Pale soko la samaki Deep Sea kuna dada anauzia wateja wa Lushoto kwa WhatsApp, anapiga picha changu na kolekole, mashavu kayafunua wekundu uonekane, ndo mteja anatuma hela. Siku zile kupiga simu anapiga lakini mteja anakwambia nitumie picha kwanza, barafu kwenye deli inayeyuka, jioni kawauzia wachuuzi wa kukaanga kwa bei ya kutupa. Huyo alimkosea nani jamani?

Watu wanasema basi hatuna la kufanya, sisi wadogo. Ulaya nao hawana Google yao, lakini kwa sababu wanakaa pamoja kama soko moja, 2018 waliipiga Google faini ya yuro bilioni 4.34 kwa mambo ya Android. Afrika Mashariki tuna jumuiya, tunashindwa nini kwenda kujadiliana na hawa jamaa kwa sauti moja, kodi, data za watu wetu, akaunti zinazofutwa, vyote mezani? Na humu ndani kuzima intaneti kuwe kwa amri ya mahakama tu, iandikwe sababu na iandikwe mwisho wake lini.

Wanasheria mliomo humu, hilo la mahakama mnaona linaanzia bungeni Dodoma au kule Arusha kwenye mahakama ya jumuiya?