Wawindaji wa kutoka mjini na sisi wenye pori: tupeane uzoefu

Mwana wa Inyonga
Wakuu, jana nimepishana na Land Cruiser mbili zimebeba majokofu, nikajua msimu umeingia. Huku kwetu Julai mosi haipiti kimya. Nyie mnaishije na hawa wageni? Kwetu walipiga nyati nyuma ya shamba, wakapakia nyama yote, wakatuachia utumbo. Tembo alipomaliza mahindi kwenye shamba hilohilo, tukaambiwa tujaze fomu ya kifuta jasho. Hadi leo.

Ngiri Mzee
Jasho lenyewe lilishakauka mkuu 😂

Bwana Leseni
Tusichafuliane. Mimi natoka Dar, nina leseni, kila mnyama nalipia, naripoti wilayani kabla sijaingia porini. Nyama niliyoilipia nimgawie nani? Na nyaya za kutega nani anaziweka, si nyie?

Mwana wa Inyonga
Mzee wangu akikutwa na digidigi ni jangili. Wewe na nyati mzima ni mwindaji. Leseni bila bunduki haina kazi, na bunduki ni ng'ombe wangapi?

Mlinaasali
Mmenitonesha. Mimi ni wa Sikonge, nyumbani tunaishi kwa mizinga. Mwaka mmoja walikuja watu wa mbali, jioni wakampiga mbogo, hakuanguka, akaingia kichakani na damu yake. Giza likawakuta, wakasema watamfuata asubuhi. Asubuhi wakapakia mahema wakaondoka, hawakumwambia mtu yeyote.

Siku chache baadaye natoka kambini na baba mdogo kwenda kukagua mizinga. Yeye mbele na kamba begani, mimi nyuma na ndoo. Asiyemjua mbogo aliyejeruhiwa atadhani anakimbia mbali. Hakimbii. Anazunguka, anasimama pembeni ya njia, anasubiri. Nilisikia matawi yanavunjika, nikaona baba mdogo yuko juu. Akaanguka, yule mnyama akamrudia tena. Ndoo niliitupa wapi sijui, nikajikuta juu ya mninga napiga kelele hadi sauti ikakata. Alipotoka nikashuka. Nyonga ilikuwa imevunjika. Tulimfunga kwenye baiskeli, watu wa kambi ya jirani wakatusaidia kusukuma hadi barabarani. Kila shimo analia.

Mbogo tulimkuta baadaye amekufa, bega limeoza. Baba mdogo sasa anatembelea mkongojo, mizinga ya upande ule haina wa kuipanda.

Mama Kijiji
Poleni sana mwanangu.

Ngiri Mzee
Pole mkuu. Ila nyama hamkuonja kweli?

Mlinaasali
We mzee! Nimesema imeoza. Walikula fisi.

Bwana Leseni
Hao si wawindaji. Nyati mwenye jeraha unamfuata hadi mwisho, ukishindwa unaripoti ili askari wa wanyamapori wammalize. Ndivyo sheria inavyotaka.

Mwana wa Inyonga
Sheria ilikuwa inapakia mahema na wenzako.

Jirani wa Taita
Sisi Kenya uwindaji ulifungwa 1977, yakaisha.

Ngiri Mzee
Yakaisha? Na ndovu wa Tsavo wanakula mahindi ya nani?

Kitalu
Ushauri: andikeni namba za magari, mpeleke kwa mtendaji.

Mama Kijiji
Mtendaji gani, yule aliyepelekewa paja?

Kitalu
Basi jiungeni na WMA, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji; kitalu cha uwindaji kikipata mwekezaji na kijiji kinapata mgao.

Mwana wa Ruvuma
Sisi tumo. Mgao unachelewa, lakini choo cha shule kimejengwa, hilo sikatai. Ila mkuu, kitalu cha watalii ni jambo moja na hawa wa wikendi ni jingine. Wa kitalu tunajua kambi yao ilipo. Hawa unawaona wakipita tu.

Ngiri Mzee
Vijana wenu ndio wanaowaonyesha njia kwa soda na elfu kumi. Waacheni wapotee usiku mmoja, mwakani watapiga hodi wenyewe.

Bwana Leseni
Ukimpoteza mtu porini utalala rumande, shauri yako.

Mama Kijiji
Mlinaasali, asali bado mnayo? Nataka dumu, niko Tabora mjini.

Mlinaasali
Ipo mama. Nakuja PM.