Tupeane uzoefu: mtoto wako anachezea nini cha nyumbani kuliko toi ulilomnunulia?

MamaWawili_Tudor
Hamjambo nyote. Jana babake watoto alirudi na gari la rimoti, shilingi 3,500, limo ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki. Kijana wangu ana miaka mitatu. Alilizungusha sebuleni mara mbili tatu, likagonga mguu wa meza, basi, hamu ikaisha. Nilipotoka jikoni na mahamri nilimkuta yumo ndani ya boksi, amejikunja kama paka, mwiko wangu wa pilau ndio usukani, na ananiuliza, "Mama, unashukia wapi? Feri?" Nikamwambia nashukia Feri. Akanidai nauli.

Lile gari liko chini ya kochi hadi saa hii. Betri zake zimeishia kwenye saa ya ukutani.

Hebu tuambiane. Watoto wenu wanachezea nini? Na nyie wenyewe mlichezea nini? Nataka mambo mliyoyafanya kwa mikono yenu, si yale ya kuonyeshana kwenye simu.

Wa_Kibokoni
Kwetu toi lilikuwa kifuu. Nyanya alikuwa akikaa juu ya mbuzi kila siku kabla ya adhuhuri, akikuna nazi, na sisi wajukuu tumemzunguka tukisubiri vifuu kama kuku wanavyosubiri chicha. Vifuu viwili tulivitoboa kwa msumari uliopashwa moto, tukapitisha kamba, fundo likabaki kwa ndani. Unasimama juu yake, kamba umezishika mkononi, unatembea ka-ta ka-ta kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Saa za usingizi wa mchana palikuwa na mzee mmoja barazani, akisikia mlio huo tu anaokota kiatu.

Lakini mchezo niliokuwa nao hodari ni duka. Vifuu viwili, kijiti kimoja, kamba, na hiyo ndiyo mizani. Mchanga ni sukari, majani ya mkungu ni noti, vigae vya sahani ni sarafu. Binamu yangu alikuwa akitufanyia ujanja: kifuu cha upande wa muuzaji alikigandisha donge la ubani kwa chini, tukawa tunapunjwa wiki nzima bila kujua. Mpaka leo nikipimiwa nyama sokoni, kwanza naangalia ile mizani ikiwa tupu imekaa wapi.

NahodhaMtongwe
Hahaa, binamu yako sasa lazima ni mfanyabiashara mkubwa.

Mimi wa ng'ambo, upande wa Mtongwe. Sisi ilikuwa madau ya karara. Asiyejua, karara ni lile gamba gumu linalofunika maua ya mnazi. Likikauka linaanguka, na lina umbo la chombo tayari, husanii kitu. Unasimamisha mlingoti wa chelewa, unafunga tanga. Tatizo ni kwamba dau langu lilipinduka kila lilipofikiwa na wimbi. Kaka yangu akaniambia, "Ngalawa imetiwa mirengu kwa urembo?" Nikatafuta patipati iliyokatika, nikakata vipande viwili, nikavifunga kwenye vijiti huku na huku. Halikupinduka tena. Niliwacheka wenzangu wote siku ile.

Tanga nililipata kwa leso ya mamangu. Si leso kuukuu, la. Ilikuwa mpya, bado jozi, haijakatwa wala kupindwa. Jina la leso nimelisahau ila bakora ninazikumbuka.

Kijana_Kisauni
Wazee wangu, tusidanganyane. Tulichezea makopo kwa sababu pesa hazikuwapo. Magari yetu yalikuwa ya waya na magurudumu ya vifuniko vya soda, na jirani alikuwa na baiskeli. Tulikuwa tunamlipa atuache tuzunguke msikiti mara moja tu! Mngeletewa baiskeli mngesema hapana asante, mimi nina kifuu? Watu wakishapata kazi wanaanza kuusifu umaskini. Mimi mwanangu nitamnunulia.

MamaWawili_Tudor
@Kijana_Kisauni mnunulie baba, baiskeli ni baiskeli. Sikusema tusinunue. Nasema lile gari linajua kazi moja tu, kwenda mbele na kugonga meza. Boksi jana lilikuwa matatu, leo asubuhi lilikuwa duka la viazi karai, na sasa hivi nikiandika ni jela, dadake amefungwa humo.

Na tuseme kweli, kinachotufanya tununue mara nyingi si mtoto, ni wageni. Mama mkwe alipomkuta binti yangu sakafuni na sufuria na vijiko alinivuta kando, akaniuliza taratibu kama mwanawe bado yuko kazini. Wallahi. Nikaenda nikanunua mwanasesere wa nywele za dhahabu, nikamweka juu ya kabati aonekane. Yupo hadi leo, anakula vumbi.

Mwl_Chekechea
Nafundisha watoto wadogo huku Bamburi, acheni nichangie kidogo. Hili la sufuria na vijiko lina watu waliolifanyia kazi kwa makini. Kulikuwa na mwalimu Mwingereza, Elinor Goldschmied, aliyezaliwa 1910, ambaye ndiye mwenye ule mpango wa "kikapu cha hazina". Ni kwa mtoto anayeweza kukaa lakini bado hajatambaa. Unachukua kikapu kifupi, imara, unakijaza vitu vya nyumbani visivyo plastiki: kijiko cha mbao, kikombe cha bati, brashi safi, limau, kitambaa. Plastiki aliikataa kwa kuwa ukifumba macho yote ni ile ile, haina harufu, haina baridi, haina uzito.

Mimi changu nimekitia upawa, kipande cha leso, kifuu nilichokisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, na kifumbu kipya. Watoto wanakipenda kifumbu kupita vyote. Wanakitafuna.

Sharti lake moja ndilo gumu: mtu mzima akae karibu na anyamaze. Usimwambie "hiki kijiko, sema kijiko". Kina mama wengi hapo ndipo wanaposhindwa, na mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilishindwa. Akifika mwaka na zaidi, mpe makopo na vifuniko ajaze na kumwaga, ajaze na kumwaga. Utachoka wewe kabla yake.

Kipimo cha usalama: chukua ule mrija wa katikati wa karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

BintiMajengo
Mwalimu umenigusa penye kidonda. Mimi sikujua hicho kipimo. Mwanangu wa miaka miwili nilimpa bakuli la choroko apepete, anapenda ule mlio. Nikageuka kuzima jiko. Nikirudi anapiga chafya. Choroko iko puani! Mamangu akaja na kijiti cha kiberiti anataka kuichokoa, nikamzuia kwa nguvu, maana ungeisukuma ndani. Tukakimbia zahanati. Muuguzi akaniambia nimzibe tundu lile zima, niweke mdomo wangu kwenye mdomo wake kama nambusu, nimpulizie mara moja. Ikaruka. Ndogo hivyo, na mimi nilikuwa nimeshalia njia nzima kwenye tuktuk.

Tangu siku ile choroko zinapepetwa ndani ya chupa iliyofungwa kifuniko kwa gundi. Mlio ni ule ule.

Nyingine ya kuogopa zaidi ni betri bapa, zile za rimoti na saa na matoi yanayoimba. Akimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili tu. Hapo husubiri itoke, unaenda hospitali mbio. Na ndoo ya maji usiiache wazi, hata yenye maji kidogo. @MamaWawili_Tudor hilo gari lako chini ya kochi, rimoti yake ina betri gani?

MamaWawili_Tudor
Nimetoka kuinama sasa hivi. Ni hizo hizo bapa. Nimeitoa, nimeitia juu kabisa, kwa yule mwanasesere.

Golikipa_Mtopanga
Hakuna aliyetaja mpira? Yaani baraza zima la watu wa Mombasa! Mpira wa karatasi za nailoni, unasokota, unafunga kamba, unasokota tena mpaka uwe kichwa cha mtu. Mwanangu ananiuliza tulipata wapi nailoni nyingi vile, namwambia zilikuwa zikipeperuka barabarani, unachagua rangi. Toka mifuko ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mtoto hana cha kusokotea. Silalamiki, mitaro imepata nafuu. Lakini ilibidi tubuni. Sasa tunachukua sponji ya godoro bovu, tunaitia ndani ya soksi, juu matambara, halafu soksi nyingine. Haudundi sana ila kioo cha jirani kimesalimika mwaka wa pili huu.

Niko_Mbali
Salamu kutoka Marekani, Rochester. @Kijana_Kisauni hii ni yako. Hapa kuna makumbusho ya michezo yenye ukumbi wa heshima wa matoi, na kila mwaka wanateua machache ya kuingizwa. Boksi tupu waliliingiza 2005. Kijiti, kijiti hiki cha kuokota chini, 2008. Blanketi 2011. Nililipa kiingilio nikaenda kutazama kijiti. Nilicheka peke yangu, nikamkumbuka marehemu nyanya yangu wa Makadara aliyekuwa akivichomea jiko vijiti vyangu vyote.

Kijana_Kisauni
Sawa, mmenizidi kwa wingi. Lakini msimamo wangu uko pale pale, baiskeli nanunua Idd ijayo.

Ila nina shida. Jana stima zilipotea. Mwanangu akawasha tochi ya simu yangu, akachukua ungo wa mamake akaumulika, ukutani pakatokea kitu kama nyavu kubwa, na yeye akawa samaki ndani yake. Kisha nikawa samaki mimi. Kwa kweli tulikaa mpaka simu ikazima. Katika kukimbia nyavu nikaukanyaga ungo, mguu ukatokea upande wa pili. Mamake bado hajauona. Nani anajua wanaouza ungo Kongowea, niufikie kabla hajapepeta mchele?

Wa_Kibokoni
Nenda asubuhi mapema, na upige kwa kidole kwanza usikie kama umekauka. Ungo mbichi unalegea.

MamaWawili_Tudor
Na ukipita huko niangalizie boksi. Langu dadake alilala ndani na chupa ya maji, limelowa chini, matatu haina sakafu. Mwenye boksi la friji aseme, nakuja na tuktuk.