Tupeane uzoefu: kanisa lenu la Baptisti lilianzaje hapo mjini kwenu?

Mleta mada, Tukuyu
Wadau habari za Jumapili. Kamati imenipa kazi ya kuandika historia ya kanisa letu, nikakabidhiwa faili moja jembamba, ndani barua za mmisionari na risiti za mabati, ndo basi. Ukilisoma utadhani kanisa lilishuka na Land Rover. Nikaenda kwa bibi, akacheka, akasema andika kwanza ndizi. Eti mmisionari alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, na barabara ikiwa tope haji kabisa, Jumapili zingine zote watu walikuwa wanakutana sebuleni kwake, yeye na wenzake wawili wanapika ndizi na maharage kwa sababu kuna watu wametembea tangu alfajiri hawawezi kurudi na njaa. Hao akina mama watatu kwenye faili hawamo hata mmoja!! Kwenu ilikuwaje? Za wamisionari wa Marekani kufika Tanganyika na Kenya 1956 ninazo, na seminari ya Arusha 1962 pia, mimi nataka za jikoni.

Wa Kyela
Ugonile mkuu. Kwetu ilianza na TB. Babu alilazwa ile hospitali ya kifua kikuu ya Wabaptisti pale Mbeya, enzi hizo ukiugua kifua unakaa wodini miezi na miezi, sindano juu ya sindano, na wainjilisti wanapita kitanda kwa kitanda, sasa utaenda wapi lazima usikilize tu. Karudi kapona ana Biblia, ila watu wanamwogopa, nani akae chumba kimoja na mtu wa kifua? Basi ibada ikawa chini ya mwembe, babu upande wake, wao kule mbali, anahubiri kwa kupaza sauti mpaka jasho linamtoka. Nadhani ndo maana mpaka leo kwetu viti vya nyuma vinajaa kwanza 😂

Binti wa Rungwe
Mi niongelee ubatizo maana hamuutaji na ndo ulivuruga nyumba. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, Walutheri mwaka huohuo, kwa hiyo mama alishabatizwa akiwa kichanga. Kaenda Baptisti kaambiwa mtoto mchanga hakuamini mwenyewe, inabidi azamishwe. Kazamishwa mto Kiwira asubuhi, maji ya kule mnayajua yalivyo ya baridi, katoka anatetemeka kavikwa kanga. Babu alimuuliza swali moja tu, "yale maji ya kwanza yalikuwa na kasoro gani?" Akaacha kula kwake. Alirudi nilipozaliwa mimi, hakuomba msamaha wala hakuombwa, alikaa akala. Na mimi sikubatizwa uchanga, hilo hakuliuliza.

Wa Limuru
Huku watu wakisikia Baptist wanafikiria Brackenhurst, kile kituo cha mikutano cha Baptist kilichokuwa hoteli ya wazungu. Zii, sisi tulianza kwa darasa la shule ya msingi, tunakaa kwa madawati ya watoto magoti yamefika kidevuni. Halafu mzee mmoja akatupea ploti, kwa mdomo tu, tukafanya harambee tukajenga ya mabati. Mzee alipoaga watoto wakasema hawajui hiyo maneno, tukazunguka kortini tukachoka, mwishowe tukang'oa mabati tukahamia ploti ya kununua. Mleta mada, kabla ya hiyo historia yako kwanza uliza hati iko kwa jina la nani.

Mleta mada, Tukuyu
Duh, hati sikuwaza kabisa, kesho nauliza. Binti wa Rungwe, hiyo habari yako nimemsomea bibi yangu, ukimya ukaja, halafu akasema hata yeye mama yake hakuja kwenye ubatizo wake, leo ndo nasikia. Kati ya wale wapishi watatu mmoja bado yupo hai huko Masoko, Jumamosi naenda na daftari. Bibi kasema nisiende mikono mitupu, nibebe sukari, na nisiseme ni ya kanisa.