Mgodi ukifungwa, kijiji nacho kife? Mjadala kuhusu vijiji vya Daraja D, Durham

Mwaka 1951 halmashauri ya kaunti ya Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, iliyagawa makazi yake katika madaraja manne. Vijiji 114, vingi vikiwa vya wachimbaji wa makaa ya mawe, viliangukia Daraja D: visiongezewe nyumba wala visitiwe fedha za maana, na wakazi wahamishiwe kwingine kadiri nyumba zilivyochakaa. Je, ilikuwa haki?

Wanaoitetea halmashauri wana hoja nisiyoweza kuipuuza. Makaa ya magharibi mwa kaunti yalikuwa yakikwisha, na kazi ikihamia migodi mikubwa ya pwani, iliyochimba hadi chini ya bahari. Nyumba zenyewe zilikuwa safu ndefu zilizoshikana, choo kikiwa ng'ambo ya ua. Mchimbaji akirudi kazini na masizi mwili mzima, alioga jikoni mbele ya moto, ndani ya karai la bati lililokuwa likitundikwa ukutani kwa msumari. Mama gani angekataa nyumba yenye bafu kule Peterlee, mji mpya uliopewa jina la Peter Lee, kiongozi wa wachimbaji wenyewe? Tena halmashauri hiyo ilikuwa ya chama cha Labour, kilichoingia madarakani kwa kura za watu hao hao.

Hata hivyo nashikilia kwamba ilikosea, na kosa halikuwa kuwapa watu nyumba bora. Kosa lilikuwa kukichimbia kijiji kaburi kingali hai. Kijiji kikishaandikwa D, mwenye nyumba aliyejinyima miaka mingi kuilipia aliikuta haina mnunuzi. Kijana aliyetaka kuoa alihama kwa kuwa nyumba mpya hazikujengwa. Duka likakosa wateja. Kisha upungufu huo huo wa watu ukatolewa kuwa ushahidi kwamba kijiji kilikuwa kikifa chenyewe. Hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu walioumizwa ni wale waliochimba makaa yaliyopasha moto nchi nzima.

Kuna anayeuliza faida ya kung'ang'ania kijiji kisicho na kazi. Namwelekeza kijiji cha Witton Park. Kiliwekwa Daraja D, safu kadhaa za nyumba zikabomolewa, lakini wakazi walipinga kwa miaka mingi na kijiji kipo mpaka leo. Mtu anaweza kulala kijijini na kufanya kazi mji wa jirani. Waliopanga sera hii walisahau kwamba basi na gari vipo. Sera ilifutwa mwaka 1977. Kwa Addison, karibu na Ryton, ufutaji huo haukuwa na maana tena, kwani kijiji kilikwisha kubomolewa.

Ninyi mnaoitetea sera hii, nijibuni moja tu: kama watu wa Witton Park wangetii na kuondoka, leo si mngetuambia kwamba halmashauri iliona mbali?